Kama Mungu Anajua Yote, Naomba ya Nini? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kumwomba Mungu Mahitaji

Mimi si mchungaji wala sijasomea theolojia. Ni katibu wa kikundi cha maombi katika kanisa moja la mtaani huku Eastlands, Nairobi, na kazi yangu kila Jumatano jioni ni kukaa na daftari. Ni daftari la jalada gumu ambalo nimelichora safu nne kwa rula: tarehe, jina, hitaji, jibu. Safu tatu za kwanza hujaa. Ya nne imebaki nyeupe ukurasa baada ya ukurasa, na weupe huo ndio uliozaa mengi ya maswali haya. Mengine nimeulizwa mlangoni watu wakitoka, mengine kwenye matanga, na moja niliulizwa na kondakta aliyesoma maandishi ya kanisa kwenye fulana yangu. Pasta wetu ameyapitia majibu yangu. Mawili hakukubaliana nayo, nimeyaacha yalivyo.

Sala, maombi, dua: ni kitu kimoja?

Hapa Nairobi ukisikia mtu anasema "naenda kusali", mara nyingi ni Mkatoliki. Akisema "naenda maombi", ni wa makanisa ya Kiprotestanti au ya Kipentekoste. Dua wengi wetu tumewaachia Waislamu, ingawa Paulo katika Biblia yetu ya Kiswahili anamwagiza Timotheo dua, sala, maombezi na shukrani, zote kwa mstari mmoja.

Hapa sizungumzii kusifu, kutubu wala kushukuru. Nazungumzia tendo moja tu, la kumwambia Mungu: nipe. Kiswahili kimelipa jina lisilojificha. Kuomba ni kitenzi hichohicho cha kuomba chumvi kwa jirani. Barua ya kutafuta kazi ni barua ya maombi. Anayekaa kwenye daraja la miguu na kikombe cha plastiki ni ombaomba. Nadhani ndiyo maana baadhi yetu, tukishapata digrii na gari, tunaanza kuliona tendo hili kuwa la aibu kidogo.

Mungu anajua shida yangu kabla sijafungua mdomo. Kumwambia kuna haja gani?

Hili ndilo swali la kwanza daftarini, na ni la zamani kuliko kanisa lolote la Nairobi. Karibu mwaka 233 Origen, mwalimu aliyelelewa Aleksandria, Misri, aliletewa swali hilo na rafiki zake wawili, Ambrosi na Tatiana: kama Mungu anajua yajayo na ni lazima yatokee, si maombi ni bure? Aliwajibu kwa kitabu kizima.

Cha ajabu ni kwamba Yesu mwenyewe alilitaja jambo hilo kabla ya mtu yeyote kumuuliza. Mathayo 6:8: "Baba yenu anajua mnayohitaji ninyi kabla ninyi hamjamwomba." Mtu angetarajia aendelee, basi nyamazeni. Mstari unaofuata anasema, basi ninyi salini hivi. Kwake, kujua kwa Mungu si sababu ya kuacha kuomba, ni sababu ya kuacha kuhutubia.

Mimi huwaeleza watu kwa kutumia mlango wangu. Jirani yangu akija, namwona dirishani tangu akiwa kwenye ngazi. Kandambili zake nazijua kwa mlio. Hata hivyo akifika atasema "hodi", nami nitangoja aseme ndipo niitike "karibu". Hodi yake haikunipa habari yoyote. Nilijua yupo, na pengine nilijua amefuata nini. Lakini angeingia bila hodi tungekuwa watu wengine kabisa, mimi na yeye. Kwa hodi anakubali kwamba nyumba ni yangu, na ananiachia nafasi ya kumkaribisha. Yesu aliposema "bisheni, nanyi mtafunguliwa", alikuwa mlangoni hapo hapo.

Kwa hiyo anayesema maombi ni upuuzi kwa kuwa Mungu anajua, amedhani kuomba ni kupeleka taarifa. Sijawahi kukutana na mama aliyekesha wodini akidhani Mungu hajapata habari.

Basi maombi hubadilisha nia ya Mungu?

Maandiko yanavuta pande mbili, na ni uongo kujifanya hayavuti. Hesabu 23:19 inasema Mungu si mwanadamu, ajute. Kutoka 32:14, baada ya Musa kuomba, inasema "BWANA akaughairi ule uovu aliosema ya kwamba atawatenda watu wake." Hezekia anaambiwa atakufa, anageuza uso ukutani na kulia, na kabla habari haijapoa anaongezewa miaka 15.

Jibu lililokubalika zaidi ni la Thomas Aquinas, wa karne ya 13. Alisema hatuombi ili tubadilishe alichopanga Mungu, tunaomba ili tupate yale aliyopanga yaje kwa njia ya kuombwa. Mkulima wa Kinangop hasemi, kama Mungu amepanga nivune viazi nitavivuna hata nisipopanda. Kupanda kumo ndani ya mpango, na kuomba pia kumo.

Ni jibu safi. Mimi hulitumia, ila halinikalii sawasawa ninaposoma Mwanzo 18. Pale Ibrahimu anapunguza bei mbele za Mungu kama mtu aliye sokoni Gikomba: wenye haki 50, 45, 40, 30, 20, 10. Kila mara Mungu anakubali. Anayesoma hapo haoni mpango uliofungwa tangu milele, anaona wawili wanaozungumza. Wapo wanateolojia, hasa Marekani tangu miaka ya 1990, waliosema basi tukubali kwamba yajayo yako wazi hata kwa Mungu, naye huyaamua pamoja nasi. Makanisa mengi yamewapinga vikali. Mimi siko nao, lakini naelewa walikotoka: walisoma sura hiyo wakaichukua kwa uzito.

Kwa nini mmoja anaponywa na mwingine anazikwa, na wote waliombewa?

Ukurasa mmoja wa daftari langu una watoto wawili, mistari minne kati yao. Wadi ilikuwa moja, ugonjwa ulikuwa mmoja. Tuliwaombea Jumatano moja, watu walewale, kwa maneno ambayo nadhani yalikuwa yaleyale. Mmoja siku hizi hupita karibu nami akielekea shuleni na begi kubwa kuliko mgongo wake. Mwingine tulimchangia jeneza.

Nitaanza na majibu ninayoyakataa. La kwanza: imani haikutosha. Mama yule alikuwa na imani kuliko kikundi kizima. La pili: kuna dhambi iliyofichwa. Wanafunzi walimuuliza Yesu hilo kuhusu kipofu, Yohana 9, naye akalikata: huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake. La tatu ndilo gumu kulikataa kwa sababu ni la upole: Mungu alijua si jema kwake. Wahenga wetu walisema mtoto akililia wembe mpe. Wahubiri hugeuza na kusema Mungu, kwa huruma, hampi. Kwa gari la kifahari, sawa. Kwa mchumba ambaye kila mtu anaona ni balaa, sawa. Lakini uzima wa mtoto si wembe.

Ninachoweza kusema ni kifupi. Ombi lisiloweza kukataliwa si ombi tena, ni amri, na mimi sina cheo cha kumwamuru Mungu. Waliokataliwa wana majina makubwa. Paulo alimsihi Bwana mara tatu aondolewe mwiba, akaambiwa "Neema yangu yakutosha." Yesu mwenyewe Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, akarudia mara tatu. Desturi ya pwani ni kupiga hodi mara tatu, ukikosa jibu urudi zako, na kila nikisoma sura hizo mbili naikumbuka. Sasa, kama Mwana aliambiwa hapana, basi hapana si ushahidi kwamba hupendwi. Hiyo haielezi kwa nini mtoto alikufa. Inaondoa tu kisu kimoja kilichokuwa kinageuzwa ndani ya mama yake.

Kuna jambo lingine ambalo tunalifanya wenyewe. Jumapili, muda wa ushuhuda, maikrofoni humwendea aliyepona, aliyepata kazi, aliyepata visa. Aliyeambiwa hapana hukaa benchi la nyuma akipiga makofi. Tukiendelea hivyo miaka kumi, mtoto aliyelelewa kanisani ataamini kabisa kwamba Mungu hasemi hapana, mpaka siku itakapomfikia. Siku moja dada mmoja aliinuka akachukua maikrofoni, akasema, "Tulimwombea mume wangu miezi minane. Alikufa Alhamisi. Nimekuja kuwaambia nipo." Mpiga kinanda aliinua mikono ili apige, akaishusha, akaiweka magotini. Ni ushuhuda ninaoukumbuka kuliko yote.

Sayansi imewahi kupima?

Imewahi, zaidi ya mara moja. Mwaka 1872 Mwingereza Francis Galton aliona kwamba wafalme na malkia huombewa maisha marefu kila Jumapili katika makanisa yote ya nchi, akalinganisha umri wao na wa matajiri wengine. Wafalme walikufa mapema zaidi. Ni hoja yenye kejeli, na mtu anaweza kujibu kwamba waliokuwa wakiwaombea pengine hawakumaanisha.

Utafiti uliotajwa sana ni wa kundi la daktari Herbert Benson, matokeo yakatoka mwaka 2006. Wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa mishipa ya moyo, hospitali sita za Marekani, makundi matatu. Walioombewa bila kuwa na uhakika kama wanaombewa walipata matatizo kwa asilimia 52. Wasioombewa, nao bila uhakika, asilimia 51. Walioambiwa wazi kwamba wanaombewa walipata asilimia 59. Hao wa mwisho wamezua mjadala. Wengine wanasema waliingiwa hofu: kumbe hali yangu ni mbaya hivi hadi nimeitiwa waombezi?

Naisoma hivi. Anayeamini kwamba maombi ni kuzungumza na Mwenye nia yake hana sababu ya kutarajia Mungu akubali kuwa kipimo. Hodi haipimwi maabara. Lakini upande wa pili nao ni wa haki: mhubiri anayesimama jukwaani Jumapili na kudai kwamba kila anayewekewa mikono na yeye hupona, amedai kitu kinachopimika. Kilipopimwa hakikuonekana. Hawezi kutumia takwimu zikimfaa na kukimbilia fumbo zikimkataa.

Taifa linapoomba mvua na mvua inakuja, je?

Tarehe 14 Februari 2023 tulikuwa na maombi ya kitaifa katika uwanja wa Nyayo. Ukame ulikuwa umekula misimu mitano mfululizo. Mifugo imekufa kaskazini yote. Wiki chache baadaye mvua za masika zikaanza, na kanisani kwetu ikatajwa kama jibu, vigelegele juu.

Mimi nilishangilia pia. Lakini mwaka uliofuata, kati ya Machi na Mei 2024, mvua hiyohiyo ilileta mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 200 nchini, na kando ya mto Mathare nyumba zilisombwa usiku watu wakiwa ndani. Hakuna aliyesimama kusema hayo nayo ni jibu. Ukiweka mvua ya 2023 katika safu ya nne, lazima uwe na la kumwambia mama wa Mathare. Wataalamu wa hali ya hewa nao walikuwa na lao: La Niña, ule upoaji wa bahari ya Pasifiki unaotunyima mvua, iliyodumu miaka mitatu, ilikuwa inamalizika mapema mwaka 2023.

Tusiombe mvua, basi? Tuombe. Mkristo anaamini Mungu yuko ndani ya La Niña kama alivyo ndani ya muujiza. Ninachokataa ni kule kukimbilia kutia sahihi ya Mungu kwenye kila wingu linalotupendeza. Na nakataa zaidi kiongozi aitishe maombi ya mvua huku pesa za kuchimba mabwawa hazijulikani zimeenda wapi.

Watu hapa waliomba mvua karne nyingi kabla ya uwanja kujengwa. Wazee wa Kikuyu walisimama chini ya mti wa mugumo wakielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, wakachinja mwanakondoo, umati ukaitika "Thaai thathaiya Ngai thaai." John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliyekusanya sala za jadi kutoka pembe nyingi za Afrika, anatuonyesha jinsi zilivyojaa kuomba: mvua, watoto, afya, njia salama. Anayedhani kuomba mahitaji tulifundishwa na wamishonari ajue walitukuta tukiomba.

Mashabiki wa Gor na wa Ingwe wote wanaomba. Mungu afanyeje siku ya Mashemeji, timu hizo mbili za soka zinapokutana?

Aache mpira uchezwe.

Je, naweza kuombea jambo lililokwisha kutokea?

Hili aliuliza mwanafunzi aliyekuwa akingoja matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Kalamu zao zilikuwa zimeombewa kabla ya mtihani, shule nyingi hufanya hivyo, lakini sasa karatasi zilikuwa zimeshasahihishwa na alama zimeingizwa kwenye kompyuta. Aliendelea kuomba. Je, ni bure?

Katika Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi wa Kiyahudi wa karibu mwaka 200, kuna mfano wa mtu anayekaribia mji akasikia kilio, akasema, "Isiwe ni nyumbani kwangu." Marabi wakasema hiyo ni sala ya bure, lililokuwa limekuwa. Kila mtu wa Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, anaijua sala hiyo. Uko ndani ya matatu, unaona moshi mweusi juu ya mabati, unahesabu kwa macho ni upande gani, na midomo tayari inatembea: isiwe ploti yetu.

Wapo Wakristo wanaojibu kwamba Mungu hafungwi na saa, na ombi la leo aliweza kulisikia jana. Kimantiki sioni kosa. Ila nikiwa ndani ya matatu ile, nadhani ombi langu la kweli lingekuwa lingine, na ni baya: kama ni lazima iungue, iwe ya mwingine. Marabi walishalinusa hilo.

Nikiombewa, niache dawa?

Hapana. Nalijibu hili kwa sauti ya juu kuliko mengine yote kwa sababu nimeona mtu akirudisha chupa ya vidonge mezani kwa mwombezi, ukumbi ukashangilia. Soma Isaya 38 hadi mwisho. Hezekia ameomba, amesikiwa, ameongezewa miaka 15, na bado nabii Isaya anaagiza mkate wa tini ubandikwe juu ya jipu. Nabii aliyeleta jibu la Mungu ndiye aliyeleta na dawa. Mwenye dawa za virusi, za sukari, za presha, za kifafa, azimeze, na kama anadhani amepona, anayepaswa kusema hivyo ni daktari baada ya vipimo.

Vivyo hivyo kwa kufunga. Funga ili ukae kimya mbele za Mungu, si kumgomea chakula mpaka atoe. Tangu mwaka 2023, ilipofukuliwa Shakahola miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa, kila anayefundisha kufunga nchini Kenya anapaswa kusema wazi saa ya kula ni ipi.

Na kupanda mbegu ili ombi lisikike?

Kupanda mbegu ni kumtumia mhubiri pesa ili akuombee. Mwaka 2014 nchi nzima ilijifunza bei ya mhubiri mmoja: shilingi 310. Tukacheka, zikatungwa nyimbo, kisha bei ikapanda. Simoni wa Samaria alitaka kununua karama kwa fedha, na Petro akamwambia fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe. Sadaka toa. Ada ya kusikilizwa haipo.

Ni lazima kupaza sauti?

"Msipayuke-payuke", Mathayo 6:7. Hana aliomba midomo ikicheza bila sauti hadi kuhani akadhani amelewa, naye akapata mtoto. Ukiwa na kesha, kumbuka jirani wa ghorofa ya chini ana zamu ya asubuhi.

Si afadhali kumshukuru tu na kunyamaza? Kuomba-omba si utoto?

Huwa naulizwa hivi na watu wa aina mbili: waliosoma falsafa, na waliochoka. Waliochoka nitawajibu mbele kidogo.

Waliosoma wanaona maombi ya mahitaji ni ngazi ya chini, ya watu wasiojua, na kwamba aliyekomaa hutafakari tu. Sasa ichukue Sala ya Bwana uihesabu. Jina litukuzwe, ufalme uje, mapenzi yatimizwe, utupe, utusamehe, usitutie, utuokoe. Saba, zote za kuomba. Hata shukrani haimo. Katikati kabisa kuna "utupe leo riziki yetu", na neno leo halieleweki vizuri mpaka umewahi kusimama alfajiri nje ya geti la kiwanda Industrial Area, pamoja na vibarua 60, ukingoja msimamizi atoke na kunyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Kumwambia mtu huyo akomae aache kuomba riziki ni ujeuri wa mtu aliyekwisha kunywa chai.

Agostino wa Hippo, pale iliko Algeria leo, alimwandikia mjane tajiri aliyeitwa Proba karibu mwaka 412 kuhusu jambo hili. Mungu, alisema, hataki tumjulishe tunachotaka. Anataka hamu yetu izoezwe kwa kuomba ili tuweze kupokea anachoandaa. Nilikuwa nikidhani hiyo ni njia ya kistaarabu ya kukwepa swali, mpaka niliporudi nyuma katika daftari. Kuna mzee aliyeanza na "nishinde kesi ya shamba". Baada ya miezi ikawa "kesi iishe". Mwaka wa pili akaandika "mimi na ndugu yangu". Hapakuwa na kitenzi. Shamba hakulipata.

Watu wengi wakiomba, uzito unaongezeka?

Kama kura? Sidhani. Mungu hahesabu vidole. Lakini kuombeana kuna kazi ambayo kuomba peke yako hakuna. Siku moja aliletwa dada mwenye hitaji la kodi, mwenye nyumba ameshaweka kufuli. Tuliomba kama dakika kumi. Mzee mmoja, fundi wa viatu, akafumbua macho katikati ya maombi na kuuliza, "Ni pesa ngapi?" Ilikuwa shilingi 6,500. Tulikuwa watu 14, na kabla ya "amina" simu zilikuwa nje zinatuma. Yakobo alikwisha kutuonya kuhusu wale wanaomwambia mwenye njaa "mkaote moto na kushiba" bila kumpa kitu.

Nilipofika safu ya nne niliandika "imelipwa". Niliacha kuandika na nani.

Niombe mara ngapi kabla ya kuacha?

Paulo aliacha baada ya mara tatu, kwa sababu alijibiwa. Mjane wa Luka 18 hakuacha hata kadhi dhalimu alipokataa kwa muda kumsikiliza. Basi idadi haipo.

Tuna mama mmoja ambaye kila Jumatano, mwaka wa nne huu, huandikisha hitaji moja: kijana wake apige simu. Aliondoka kwenda kutafuta kazi ng'ambo. Siku moja nilimwambia, kwa ujinga wangu, "Mama, tunaweza kuandika mara moja tu, tukaweka alama kwamba linaendelea." Alinitazama. "Mwanangu," akasema, "wewe andika." Nikaandika. Sasa humwandikia kabla hajaketi, na yeye huja kuhakikisha.

Nimechoka. Siwezi kuomba tena. Nifanyeje?

Usilazimishe. Zaburi ya 88 huanza na kilio na huishia gizani, bila ule mgeuko wa mwisho wa kusema lakini wewe Bwana ni mwema. Waliokusanya Zaburi waliiacha hivyo hivyo. Paulo anasema tusipojua kuomba jinsi ipasavyo, Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, Warumi 8:26. Kuugua kunatosha. Ukiweza, njoo ukae tu wengine wakiomba. Kwetu kuna kiti karibu na mlango, na watu wamezoea kwamba anayekaa pale haulizwi kitu.

Niombe kwa lugha gani?

Ile unayolalamika nayo ukiumia kidole. Wengi wetu huanza kwa Kiswahili cha Biblia, "ewe Baba uliye juu", na ukifika utamu au uchungu wanahamia Kikamba, Kiluo, Kiluhya, na sisi tusioelewa tunaitika "amina" bila wasiwasi. Mwezi uliopita aliingia kijana wa matatu, begi la nauli bado limening'inia shingoni. Zamu yake ilipofika alisema, "Mungu, mathe amelazwa. Si unamjua. Tusaidie, hapa ni noma." Akanyamaza. Wazee wawili walikohoa. Nimeliandika daftarini kama alivyolisema.